Joseph F. Smith: Yatima wa miaka 15 aliyevuka bahari kuhubiri Hawaii

WENGI waliowahi kusikia jina la Joseph F. Smith humjua kwa picha yake ya uzeeni: mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe na miwani, rais wa sita wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, waumini ambao dunia imezoea kuwaita Wamormoni. Aliliongoza kanisa hilo kuanzia Oktoba 1901 hadi alipoaga dunia Novemba 1918.

Ni wachache wanaojua kwamba mzee huyo alianza utumishi wake akiwa mvulana wa miaka 15, yatima wa baba na mama, mwepesi wa hasira, aliyekuwa ametoka tu kukosana na mwalimu wake darasani. Alitumwa visiwani Hawaii, mbali mno na kwao, kuhubiri kwa lugha ambayo hakujua hata neno lake moja.

Msomaji asimchanganye na ami yake, Joseph Smith, ambaye ndiye aliyeasisi kanisa hilo mwaka wa 1830 katika jimbo la New York nchini Marekani. Baba yake alikuwa Hyrum Smith, kaka mkubwa wa mwasisi huyo. Mama yake, Mary Fielding, alikuwa mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kanada na kujiunga na imani hiyo mpya mwaka wa 1836.

Wakenya wa mijini wamezoea kuwaona vijana wawili wawili wakitembea mitaani na mashati meupe, tai na vibandiko vya majina vifuani. Tangu mwaka wa 2012, wavulana wa kanisa hilo huruhusiwa kwenda misheni wakiwa na umri wa miaka 18. Hupewa mafunzo kwanza, hupangiwa nyumba na huwa na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Joseph F. Smith hakuwa na lolote kati ya hayo.

Alizaliwa vitani

Joseph alizaliwa Novemba 13, 1838, katika mji mdogo wa Far West, jimbo la Missouri. Majuma machache kabla ya hapo, gavana wa jimbo hilo, Lilburn Boggs, alikuwa ametoa amri kwamba Wamormoni wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Hyrum Smith alikuwa kizuizini siku mwanawe alipozaliwa.

Husimuliwa katika ukoo huo kwamba watu wenye silaha walivamia nyumba yao kuipekua, wakavuruga vitanda na kutupa godoro juu ya kitanda kingine alikolala mtoto mchanga. Alipofikiwa, alikuwa amegeuka rangi kwa kukosa pumzi. Mapema mwaka wa 1839, Mary, akiwa mgonjwa na hawezi hata kumnyonyesha vyema mwanawe, alipakiwa garini pamoja na watoto na kukimbilia jimbo jirani la Illinois wakati wa baridi kali.

Huko Wamormoni walijenga mji wa Nauvoo kando ya Mto Mississippi na kwa miaka michache wakapata nafuu. Nafuu hiyo ilikwisha Juni 27, 1844, pale genge la watu waliojipaka masizi nyusoni lilipovamia jela ya mji wa Carthage na kuwapiga risasi Hyrum na nduguye Joseph hadi wakafa. Mvulana wetu hakuwa ametimiza hata miaka sita. Kumbukumbu yake ya mwisho ya baba ilikuwa ya mtu aliyeketi juu ya farasi, aliyeinama, akamwinua, akambusu na kumrudisha chini.

Mwaka wa 1846, Wamormoni walianza kuihama Nauvoo kuelekea magharibi. Mary, mjane mwenye watoto wake wawili na wa mke wa kwanza wa marehemu mumewe, alifunga safari pia. Joseph alikuwa na miaka saba alipoanza kuendesha ng'ombe wa kukokota gari. Mwaka wa 1848, akiwa na miaka tisa, aliendesha jozi zake kuvuka nyika na milima hadi Bonde la Salt Lake, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Septemba 23 mwaka huo.

Kiongozi wa msafara wao alikuwa amemwonya mjane huyo kwamba angekuwa mzigo kwa wenzake. Mary alimjibu kwamba angetangulia kufika bila kumwomba msaada, na wanawe walisimulia hadi uzeeni jinsi alivyotimiza neno hilo.

Mary alifariki Septemba 21, 1852. Joseph, mwenye umri wa miaka 13, akabaki na dada yake mdogo, Martha Ann, wakilelewa na jamaa. Kazi yake ilikuwa kuchunga ng'ombe. Alikua mrefu, mwenye nguvu na ghadhabu nyingi kifuani, na yeyote aliyefahamu aliyopitia hakuwa na haja ya kuuliza ghadhabu hiyo ilitoka wapi.

Ugomvi darasani

Mwanzoni mwa 1854, mwalimu alitoa ukanda wa ngozi ili amwadhibu Martha Ann darasani. Joseph alisimama na kumwambia asithubutu. Mwalimu akamgeukia yeye. Mvulana huyo hakukimbia, na pambano lilipokwisha aliyeshindwa hakuwa mwanafunzi. Shule ikaishia hapo.

Haukupita muda. Katika mkutano mkuu wa kanisa wa Aprili 1854, jina lake lilisomwa mbele ya umati pamoja na ya wanaume wengine waliotakiwa kwenda misheni ng'ambo. Wengi wa hao wengine walikuwa watu wazima. Kumtuma mvulana wa miaka 15 halikuwa jambo la kawaida hata wakati huo.

Wapo wanaoamini kwamba wakubwa wa kanisa, wakiongozwa na Brigham Young, waliona kwamba mwana huyo wa Hyrum angepotea asipopewa kazi ya kiume. Yeye mwenyewe, katika maisha yake yote, alisema kwamba misheni hiyo ndiyo iliyomwokoa na njia mbaya.

Parley P. Pratt, mmoja wa mitume wa kanisa hilo, alimwahidi kwamba angeijua lugha ya visiwani kwa imani na kwa kusoma.

Kundi hilo liliondoka Salt Lake Mei 27, 1854, likielekea kusini hadi California. Wamishenari wa wakati huo hawakulipwa mshahara wala kupewa nauli. Joseph na wenzake walilazimika kutafuta vibarua njiani. Yeye alifanya kazi milimani California, akitengeneza vigae vya mbao vya kuezekea nyumba, hadi akapata nauli ya meli. Mapema Septemba waling'oa nanga San Francisco katika meli iliyoitwa Vaquero. Septemba 27, 1854, wakatia nanga Honolulu.

Ufalme uliokuwa ukiomboleza

Hawaii ya mwaka huo haikuwa sehemu ya Marekani. Ilikuwa nchi huru yenye mfalme wake, Kamehameha wa Tatu, aliyefariki Desemba 15 mwaka huo huo, miezi mitatu tu baada ya Joseph kufika. Kiti chake kilirithiwa na mpwa wake aliyemlea, Kamehameha wa Nne.

Ulikuwa pia ufalme ulioshuhudia watu wake wakipukutika. Tangu nahodha Mwingereza James Cook afike huko mwaka wa 1778, magonjwa yaliyoletwa na meli za kigeni yalikuwa yameua watu wengi ajabu. Mwaka wa 1853, ndui iliua maelfu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi wapatao 73,000 pekee katika visiwa vyote.

Katika uwanja wa dini, Wamormoni walikuwa wageni waliochelewa. Wamishenari Waprotestanti kutoka Marekani walikuwa wamefika tangu 1820, wakaiandika lugha ya wenyeji kwa alfabeti, wakachapisha Biblia na kufungua shule. Wakatoliki nao walikuwapo. Wamormoni kumi wa kwanza waliwasili Desemba 1850 na nusu yao wakakata tamaa na kuondoka mapema, wakidai kwamba wazungu waliokuwa huko hawakutaka kuwasikiliza.

Aliyebadilisha mkondo wa mambo ni George Q. Cannon, kijana wa miaka 23 aliyeamua kujifunza lugha ya wenyeji na kuwahubiria wao. Akiwa Maui alikutana na Jonatana Napela, hakimu Mhawaii aliyesomea shule ya Waprotestanti ya Lahainaluna. Wawili hao walifanya kazi pamoja ya kukitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii, tafsiri iliyochapishwa San Francisco mwaka wa 1855. Kufikia wakati Joseph alipowasili, waumini visiwani walikuwa wakihesabiwa kwa maelfu.

Homa ya Kula

Joseph alipangiwa kisiwa cha Maui, sehemu za Kula, kwenye miteremko ya mlima Haleakala. Mara tu baada ya kufika akashikwa na homa kali. Kwa majuma mengi hakuweza kuhubiri, kufanya kazi wala kujitegemea kwa lolote. Alikuwa mvulana mgeni, amelala katika nyumba ya watu asiowajua, wanaozungumza maneno asiyoyaelewa.

Aliyemwokoa ni mama mmoja Mhawaii ambaye kumbukumbu za kanisa humtaja kwa jina la Ma Mahuhii. Alimchukua nyumbani kwake, akamuuguza, akamlisha na kumwangalia kama mtoto wa kumzaa. Kijana ambaye hakuwa na mama kwa miaka miwili alipata mama katika nchi ya ugenini, na hakumsahau tena.

Ugonjwa huo ulimpa pia faida ambayo hakuitarajia. Kwa kuwa hakuweza kutoka, alishinda akisikiliza lugha ya nyumba: jinsi mtoto anavyoitwa, jinsi mgeni anavyokaribishwa, jinsi mzee anavyojibiwa. Wamishenari wengi hujifunza lugha kwa vitabu kwanza, kisha kwa watu. Yeye alianza na watu.

Kihawaii kina sifa ambayo msomaji wa Kiswahili angeitambua upesi: kila neno huishia kwa irabu. Alfabeti iliyosanifishwa na Waprotestanti katika miaka ya 1820 ilikuwa na herufi 12 pekee, tano za irabu na saba za konsonanti. Hata hivyo wepesi huo wa herufi huficha ugumu, kwani irabu ikivutwa au sauti ikikatwa kidogo, neno hugeuka maana.

Siku 100 hivi baada ya kutua Honolulu, Joseph aliweza kusimama mbele ya waumini na kuzungumza nao kwa lugha yao. Mapema mwaka wa 1855 alikuwa akiendesha ibada, akibatiza na kubariki ndoa. Wenyeji walimwita Iosepa, ambalo ndilo jina lake kwa matamshi yao. Wenzake waliomzidi umri kwa miaka mingi walikuwa bado wakibabaika na sentensi za kwanza.

Akiwa na miaka 16 tu alikabidhiwa usimamizi wa kazi ya kanisa katika kisiwa kizima cha Maui. Baadaye alihamishiwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, katika maeneo ya Hilo na Kohala, na mwishowe Molokai.

Suti moja, watu wawili

Maisha yenyewe yalikuwa ya dhiki. Wamishenari walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakivuka mabonde na mito, mara nyingi wakinyeshewa, na kulala popote walipokaribishwa. Nyumba zilikuwa za nyasi na sakafu za mikeka, zenye viroboto wengi.

Chakula kikuu kilikuwa poi. Kwa Mkenya hilo si geni kabisa: ni nduma, zile zile tunazochemsha na kunywea chai, ila wao huzipika katika tanuri la ardhini, huziponda kwa jiwe, huzichanganya na maji na kuziacha zichachuke kidogo. Huliwa kwa vidole kutoka bakuli moja. Wamishenari wengi wa Marekani walishindwa kuimeza mwanzoni. Joseph alijifunza kuila, kwani hakukuwa na kingine, na waumini waliomkaribisha wenyewe hawakuwa na cha ziada. Ukame ulipopiga, wenyeji na wageni walilala njaa pamoja.

Mnamo 1856 lilimpata pigo zito. Moto uliteketeza nyumba iliyotunza mali ya wamishenari katika kisiwa cha Lanai, ambako kanisa lilikuwa likijaribu kuanzisha makao ya waumini katika bonde la Palawai. Sanduku lake likaungua: nguo, vitabu na shajara alizokuwa ameandika tangu aondoke nyumbani.

Husimuliwa kwamba baada ya moto huo yeye na mwenzake walibaki na suti moja ya heshima kati yao. Mmoja alipoivaa kwenda ibadani, mwingine alibaki kitandani hadi mwenzake arudi, kisha wakabadilishana zamu.

Ni katika kipindi hicho cha unyonge ndipo alipoota ndoto ambayo aliisimulia mara nyingi baadaye. Alijiona akikimbia njiani, amechelewa safari kubwa, lakini akasimama kando, akaoga na kuvaa nguo safi alizozikuta katika furushi lake. Alipofika mlangoni alimkuta ami yake Joseph, akamkaripia kwa kuchelewa. Kijana akakiri kwamba amechelewa, ila akasisitiza kwamba yu msafi. Humo ndani aliwaona baba yake na mama yake. Alisema kwamba alilala kitandani akiwa mvulana na kuamka akiwa mwanamume, asiyemwogopa mtu tena.

Yaliyoandikwa shajarani

Ingekuwa kosa kumchora kijana huyu kama malaika. Shajara zake za miaka ya 1856 na 1857, ambazo zilinusurika na kuchapishwa kitabuni mwaka wa 2011, zinaonyesha mvulana aliyechoka, aliyekumbuka nyumbani na aliyekuwa na ulimi mkali. Kuna siku alizoandika kwa uchungu kuhusu uchafu wa mahali alipolala, na siku alizowalaumu waumini wenyeji kwa uvivu na kutotimiza ahadi.

Alikuwa na sababu ya kukata tamaa. Kanisa visiwani lilikuwa limeanza kunyauka. Waumini waliobatizwa kwa wingi katika miaka ya kwanza walikuwa wakirudi walikotoka, na ule mpango wa Lanai ulikuwa ukikwama kwa ukame na umaskini. Kijana wa miaka 18 alijikuta akisimamia nyumba inayobomoka.

Hata hivyo shajara hizo hizo zinamwonyesha akila na watu hao, akiuguza wagonjwa wao, akizika wafu wao na kusoma kila kitabu alichokipata ili kufidia shule aliyoikosa. Hakuwa mtalii wa dini. Alikaa miaka mitatu, akalalamika, akabaki.

Mwaka wa 1857, serikali ya Marekani ilituma jeshi kuelekea Utah, ikiamini kwamba Wamormoni wameasi. Brigham Young akawaita nyumbani wamishenari wake. Joseph aliondoka Honolulu Oktoba mwaka huo.

Alikuta California ikiwa imechafuka kwa chuki dhidi ya watu wa dini yake. Njiani, kundi la wanaume waliopanda farasi, wenye silaha na kileo kichwani, liliingia kambini mwao likitishia kumuua Mmormoni yeyote. Wenzake wakajificha vichakani. Joseph, aliyekuwa amebeba kuni za kupikia, aliamua kwamba hakuna faida ya kukimbia. Mmoja wao alipomwelekezea bastola na kumuuliza iwapo yeye ni Mmormoni, alijibu bila kusita kwamba ndiye, wa damu na wa kweli. Mtu yule alishangaa, akampa mkono na kumpongeza kwa ujasiri wake, kisha akaenda zake.

Alifika Salt Lake Februari 1858. Alikuwa na miaka 19.

Iosepa arudi

Hawaii haikumwacha. Mwaka wa 1864 alitumwa tena, safari hii akiwa mkalimani wa mitume Ezra T. Benson na Lorenzo Snow. Mtu aliyeitwa Walter Murray Gibson, aliyefika huko mwaka wa 1861, alikuwa amejitwalia uongozi wa waumini wa Lanai, akawauzia vyeo vya kanisa na kuandikisha ardhi iliyonunuliwa kwa michango yao kwa jina lake mwenyewe. Gibson alifukuzwa kanisani lakini ardhi akabaki nayo. Mwaka wa 1882 alikuwa waziri mkuu wa ufalme huo chini ya Mfalme Kalakaua.

Katika safari hiyo, Joseph alikataa kuingia katika mashua ndogo iliyokuwa ikiwapeleka wenzake pwani Lahaina, kwa kuwa aliyajua mawimbi ya huko. Alibaki melini na kutazama mashua ikipinduka. Lorenzo Snow alitolewa majini akidhaniwa amekufa, akahuishwa kwa shida. Mwaka uliofuata kanisa lilinunua shamba la Laie, kisiwani Oahu, ambalo limekuwa makao yake huko hadi leo. Mnamo Julai 1866, Joseph akatawazwa kuwa mtume, akiwa na miaka 27.

Alirudi tena Laie mwaka wa 1885, safari hii akiwa mkimbizi. Sheria ya Marekani ya 1882 dhidi ya ndoa za wake wengi ilikuwa ikiwasaka viongozi wa kanisa lake, naye alikuwa na wake kadhaa. Alijificha huko hadi 1887 miongoni mwa wale wale waliomhifadhi utotoni.

Deni lisilolipwa

Uongozi wake tangu 1901 ulikuwa na mazito yake. Kanisa lilikuwa limetangaza mwaka wa 1890 kuachana na ndoa za wake wengi, lakini ndoa mpya ziliendelea chinichini. Machi 1904 alihojiwa mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington. Mwezi uliofuata alitoa tangazo la pili, kwamba atakayefunga ndoa kama hizo ataadhibiwa na kanisa. Yeye mwenyewe hakuwaacha wake aliokuwa nao, na mwaka wa 1906 alitozwa faini ya dola 300 kwa kuendelea kuishi nao.

Kwa msomaji wa Afrika, kuna doa jingine lisilofaa kufichwa. Tangu 1852, enzi za Brigham Young, kanisa hilo lilikuwa likiwanyima watu weusi wenye asili ya Afrika ukuhani na ibada za hekaluni. Joseph F. Smith alilidumisha zuio hilo katika miaka yake yote ya urais, na viongozi wenzake wakazidi kulikaza. Wahawaii na watu wengine wa visiwa vya Pasifiki hawakuhusishwa nalo. Mtu aliyeokolewa maisha na mama wa taifa jingine, aliyekula chakula chake na kuota ndoto zake katika nyumba yake, hakuona sababu ya kulifungua lango hilo kwa Waafrika.

Zuio liliondolewa Juni 1978, miaka 60 baada ya kifo chake. Nchini Kenya, kanisa hilo lilisajiliwa rasmi mwaka wa 1991, na hekalu lake la kwanza nchini likawekwa wakfu jijini Nairobi Mei 2025.

Kwa watu wa Hawaii kumbukumbu yake ni tofauti. Mtu aliyeandamana naye katika ziara moja ya visiwani, wakati huo akiwa rais wa kanisa, alisimulia jinsi umati ulivyojaa bandarini Honolulu na maua ya kumvika. Miongoni mwao alikuwamo ajuza kipofu, aliyeongozwa kwa mkono, mwenye ndizi chache za zawadi, akiita jina Iosepa. Mzee huyo aliukatiza umati, akamkumbatia na kulia kama mtoto. Alikuwa Ma Mahuhii.

Juni 1915, akiwa Laie, aliweka wakfu mahali pa kujengwa hekalu. Hakuishi kuliona likikamilika. Mwaka wa 1918 ulianza kwa msiba wa mwanawe mkubwa, mtume Hyrum M. Smith, na ukaendelea na mafua makali yaliyoitesa dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Joseph F. Smith alifariki Novemba 19, 1918, kwa nimonia, siku sita baada ya kutimiza miaka 80. Kwa sababu ya maradhi hayo, mikutano ilikuwa imepigwa marufuku na hakufanyiwa mazishi ya hadhara. Hekalu la Laie lilifunguliwa Novemba 1919.

Jina la Iosepa lingalipo katika ramani ya Utah. Ni kijiji kilichoanzishwa mwaka wa 1889 katika bonde kame la Skull Valley na Wahawaii waliohamia huko kwa ajili ya imani, wakakipa jina la kijana aliyewahi kuishi nao. Walipambana na baridi, maradhi, ukoma ukiwemo, na upweke hadi 1917, ambapo wengi walirejea kwao hekalu la Laie likiendelea kujengwa. Kilichobaki zaidi ni makaburi, na kila mwishoni mwa Mei watu wa visiwa vya Pasifiki wanaoishi Utah hukusanyika hapo kuyasafisha, kuyapamba kwa maua na kula pamoja.